Kupeleka wanafunzi mtoni kupima afya ya kijito: mwongozo kwa walimu wa Kigoma

Kila muhula wa pili unapokaribia, maswali huwa yale yale. Mwalimu wa sayansi anataka kuwatoa watoto darasani wakaone viumbe hai kwa macho yao, halafu anaanza kuuliza: lazima twende Gombe? Tusipokuwa na hadubini itakuwaje? Wanafunzi sitini nitawamudu vipi mtoni? Na wakirudi na kichocho, mzazi nitamwambia nini? Kujibu mmoja mmoja kwenye simu kumenichosha, kwa hiyo haya hapa yote pamoja.

Tuanze na Gombe. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, sifa zake zimefika dunia nzima, na shule ikipata mfadhili wa boti na viingilio, nendeni. Ila usiifanye sharti. Nilivyoona mimi, darasa linalokwenda Gombe linatazama, na darasa linalokwenda kwenye kijito cha jirani linapima. Kijito cha nyuma ya shule unaweza kukirudia muhula ujao na darasa lingine, ukalinganisha majibu. Tena watoto wanakijua. Ndiko wanakochota maji, ndiko mama zao wanakofulia.

Mwongozo huu unafaa kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili, kwenye vijito vidogo vinavyoteremka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika au kuingia mto Luiche. Haufai kwa ziwa lenyewe wala mito mikubwa. Sababu utaziona chini.

Nenda na swali moja

Safari nyingi za shule huharibikia hapa. Wanafunzi wanaambiwa "tunakwenda kuona viumbe hai", wanafika, wanaona vipepeo, wanakula maandazi, wanarudi. Wape swali moja linalojibika siku hiyo hiyo, na kila atakayeulizwa njiani alijue. Ninalolipenda ni hili: *je, maji ya upande wa chini wa daraja, yakishalipita, yana uhai sawa na maji ya upande wa juu, kabla ya kulifikia?* Weka badala ya daraja chochote kilichopo kwenu, iwe ni mahali pa kuoshea pikipiki, bustani za mchicha, machimbo ya mchanga au kinu cha kukamulia mawese. Jambo la msingi ni kuwa na vituo viwili kwenye kijito kimoja, siku moja. Kituo kimoja peke yake hakikuambii chochote, kwa sababu huna cha kukilinganisha nacho.

Nadharia yenyewe ni fupi. Maji unayoyaona asubuhi hii yanakupa habari za asubuhi hii tu. Mafuta machafu yaliyomwagwa juzi usiku yameshafika ziwani. Wadudu wanaoishi chini ya mawe, lakini, hukaa majini wiki na miezi kabla ya kuota mbawa na kuruka. Wengine hawavumilii maji yenye hewa kidogo, wengine huvumilia karibu kila kitu. Ukiwaona waliopo na kujua waliokosekana, umepata habari za majuma yaliyopita. Udongo unaosombwa kutoka milima iliyofyekwa nao unaua kimya kimya, maana huziba mianya kati ya mawe, na mianya ndiyo nyumba zao. Mambo hayaishii kwenye kijito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu Ziwa Tanganyika ulionyesha kuwa pwani zilizofunikwa na tope zina aina chache zaidi za samaki na viumbe wadogo kuliko zile zenye miamba safi.

Vitu vya kuandaa

Karibu vyote utavipata soko la Mwanga au jikoni kwa wazazi:

- Machujio mawili au matatu makubwa ya plastiki yenye matundu madogo, au neti ya kushona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia la neti kwenye waya uliokunjwa na mpini wa ufagio.
- Mabeseni au sahani nyeupe. Rangi nyingine itakusumbua, kwa sababu wadudu wengi ni wa kahawia na huonekana juu ya weupe tu.
- Vijiko vya plastiki na brashi laini za kupaka rangi.
- Makopo madogo yenye mifuniko, kwa wadudu wanaowala wenzao.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, rula, na karatasi yenye alama ya X iliyoandikwa kwa kalamu nzito.
- Chungwa moja, futi kamba au kamba iliyopimwa mita 10, na simu ya kuhesabia sekunde.
- Kioo cha kukuzia kama kipo. Kisipokuwepo, piga picha kwa simu kisha ikuze.
- Gambuti kwa watakaoingia majini, sabuni, maji safi ya kunawa, taulo, sanduku la huduma ya kwanza.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino ikilowa, data zimekwenda.

Kuhusu neti nakuomba unisikilize. Usitumie chandarua. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, nawe unakwenda kukamata wadudu. Watakufa mikononi mwako, halafu wanafunzi waandike kwamba mto ni mgonjwa. Zaidi ya hapo, sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua shida ya watu kuvulia dagaa na vifaranga vya samaki kwa chandarua. Mwalimu asionekane mtoni nacho.

Wakati na mahali

Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kipindi kizuri ni Julai mpaka Septemba, maji yakiwa yametulia na mawe yanaonekana. Mvua kubwa ikinyesha, subiri wiki mbili. Mafuriko hufagia wadudu wote, na utapima nguvu ya mafuriko badala ya afya ya kijito.

Chagua kijito chenye mawe ya ukubwa wa ngumi au kichwa, maji yanakwenda kasi na kutoa povu dogo jeupe, na kina hakivuki magoti ya mtoto mfupi kuliko wote. Hapo ndipo penye wadudu wengi, na kwa bahati nzuri ndipo penye hatari ndogo zaidi.

Mto Luiche kule chini unapokaribia ziwa, achana nao. Malagarasi pia. Kuna mamba na viboko, na hakuna somo la sayansi linalostahili hatari hiyo. Hata kwenye kijito kidogo, waulize wavuvi na wenyeji kwanza. Wakikuambia "pale mwalimu hapana", usitake maelezo zaidi.

Kichocho nacho kipo mkoani kwetu. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaopenda maji yaliyotulia, yenye magugu na matete, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali kuelekea adhuhuri. Kwa hiyo: maji yanayokwenda kasi tu, gambuti miguuni, kazi ya majini iishe kabla ya saa nne asubuhi, na wasiovaa gambuti wasiingie kabisa. Taulo ni la kujikausha, lakini usilichukulie kuwa ni kinga. Mzazi akiuliza, mweleze hivyo hivyo bila kumficha, na umwambie mtoto atakayeona damu kwenye mkojo au choo wiki zinazofuata apelekwe zahanati bila kuchelewa.

Ruhusa: mwalimu mkuu, barua kwa wazazi yenye sehemu ya kusaini, na mtendaji wa kijiji au mtaa. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ipo hapa hapa Kigoma. Kuwaarifu si lazima, ila mara nyingine unaweza kupata mtaalamu wa kuongozana nanyi.

Hatua kwa hatua

1. Kakague mwenyewe wiki moja kabla. Nenda saa ile ile mtakayokwenda. Tafuta vituo vyako viwili, kimoja juu na kimoja chini ya kitu unachokishuku, na vifanane: mawe kwa mawe, kasi kwa kasi, kivuli kwa kivuli. Kituo cha juu kikiwa na mawe na cha chini kikiwa na mchanga mtupu, tofauti mtakayoiona inaweza kuwa ya mchanga tu. Geuza mawe matatu kila kituo uone kama kuna kinachotembea. Hesabu njia ya kutembea kwa miguu na mahali pa kivuli pa kukalisha watoto.

2. Gawa darasa kabla ya kutoka shuleni. Makundi ya watu sita. Kila kundi liwe na mkamataji, mshika beseni, mchoraji, mwandishi, mtunza muda, na mmoja wa usalama ambaye kazi yake ni kuhesabu wenzake. Darasa likiwa la sitini, majini waingie makundi matatu tu kwa wakati mmoja. Mengine yawe yanapima kingo na kasi ya maji, kisha wapokezane. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi ndicho kiwango changu. Nikikosa watu, napunguza watoto.

3. Fika saa mbili asubuhi, usalimie. Mtoni kuna watu. Mara nyingi akina mama wanafua, vijana wanaosha pikipiki. Watoto wasimame, waamkie, na mwalimu aeleze mlichofuata. Waonye mapema: hakuna mwanafunzi kumnyooshea mtu kidole kwamba anachafua mto. Badala yake muombe mama mmoja mtu mzima awasimulie. "Shikamoo mama, zamani maji haya yalikuwaje?" Jibu lake liandikwe daftarini kama data nyingine. Nimesikia hapo habari za kaa na samaki walioadimika ambazo hazimo kwenye kitabu chochote cha shule.

4. Anza na kituo cha chini. Wengi huanza juu kwa sababu ndiko njia inakopita. Ukianza juu, tope na wadudu mtakaowatimua watateremka hadi kituo cha chini na kuvuruga matokeo. Chini kwanza, kisha juu.

5. Tazameni kabla ya kugusa. Dakika kumi bila mtu kuingia majini. Mchoraji achore kijito na kingo zake. Wengine wapime mita 60 kutoka ukingoni kwenda nchi kavu, kwa futi kamba au kwa hatua zilizopimwa, na kuandika kila kilichomo: miti ya asili, michikichi, mihogo, bustani, nyumba, choo, taka. Kipimo hicho sikukibuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mito na kingo za ziwa. Watoto wakubwa hupenda sana sehemu hii, kwa kuwa wanagundua kuwa sheria inapimika kwa futi kamba.

6. Pimeni kasi na uangavu. Nyoosha kamba ya mita 10 kando ya maji, tupa chungwa juu yake kidogo, hesabu sekunde linapopita mwanzo hadi mwisho wa kamba. Chungwa linafaa kwa sababu huelea likiwa limezama nusu, upepo haulisukumi. Mita 10 kwa sekunde 20 ni nusu mita kwa sekunde. Rudieni mara tatu mchukue wastani. Uangavu: weka chupa iliyokatwa juu ya alama ya X, mimina maji ya kijito polepole huku mmoja akichungulia kwa juu, na acha pale X inapopotea. Pima kina kwa rula. Ikijaa na X bado inaonekana, andikeni "zaidi ya" na urefu wa chupa.

7. Kamateni. Mshika neti asimame upande wa chini, mdomo wa neti ukielekea maji yanakotoka, na ukingo wake ukigusa kitanda cha kijito. Mwenzake asimame juu ya neti, hatua moja hivi, ainue mawe moja moja, ayasugue kwa vidole mbele ya neti, kisha avuruge changarawe kwa miguu. Dakika tatu zinatosha. Msogee mahali pengine jirani, dakika tatu tena, na kwenye majani yanayoning'inia majini vilevile. Vituo vyote viwili vipewe dakika sawa. Kituo cha juu kikipewa dakika kumi na cha chini tano, kazi yote imeharibika. Jiwe lililoinuliwa lirudishwe lilipokuwa, upande ule ule ukitazama juu.

8. Mwageni kwenye beseni lenye maji ya kijito, kisha msubiri. Hapa ndipo darasa linaponyamaza. Mwanzoni utaona majani na mchanga tu, na kuna mtoto atasema "mwalimu, hamna kitu". Baada ya nusu dakika takataka zinaanza kutembea. Beseni likae kivulini, maana maji yakipata joto hewa hupungua, na watakaokufa kwanza ni wale mnaowatafuta. Lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake ambaye hajaota mbawa, akionekana, mtoe haraka umweke kopo lake. Ana mdomo wa chini unaokunjuka ghafla na kunyakua, na ukimwacha atakumalizia sampuli.

9. Watambueni na kutoa alama kwa maelezo yaliyo chini. Hesabuni aina, wala msihangaike na idadi ya kila aina. Aina iliyopatikana kwa mdudu mmoja inahesabiwa sawa na iliyopatikana kwa hamsini.

10. Rudisheni wote walikotoka, wakiwa hai. Suuzeni neti na mabeseni vizuri kabla ya kuhamia kituo cha juu, la sivyo mtahamisha wadudu wa chini na kuwahesabu mara mbili. Kisha rudieni hatua ya 5 hadi ya 9.

11. Naweni kwa sabuni, hesabuni watoto, ndipo chakula kitoke. Kwa mpangilio huo.

12. Hitimisho lifanyike darasani kesho yake. Mtoni watoto wamechoka na wana njaa. Kesho yake kila kundi liandike alama zake ubaoni, na mjadala uanze kwa swali lile lile mliloondoka nalo.

Kuwatambua na kuwapa alama

Wataalamu wa mito nchini wana mfumo wao wa kupima mito kwa wadudu, unaoitwa TARISS, wenye familia nyingi na alama za kila moja. Kwa shule tunatumia kitu chepesi zaidi, makundi matatu tu. Majina mengine hapa ni ya kwetu darasani, wewe waite utakavyo.

*Alama 3, wasiovumilia uchafu.* Wa kwanza ni "mikia mitatu": mwili mwembamba au bapa, nyuzi tatu nyembamba nyuma, na pembeni mwa tumbo vijani vidogo vinavyopepea bila kupumzika. Hivyo ndivyo anavyopumulia. Mweke kwenye kijiko cha maji, msogeze machoni, na mtoto ataona kupumua kwa macho yake mwenyewe, jambo ambalo mchoro wa ubaoni hauwezi kufanya. Wa pili ni "mikia miwili", mkubwa kidogo, anatambaa juu ya mawe, na manyoya yake ya kupumulia yapo chini ya kifua, karibu na miguu. Wa tatu ni "wajenzi". Hawa ni lava laini wanaojitengenezea kijumba cha kubeba kwa punje za mchanga au vipande vya vijiti, wakiunganisha kwa hariri yao wenyewe, punje kwa punje kama fundi anavyopanga tofali. Ukiona kijiti kinatembea, ndiye huyo.

*Alama 2, wa katikati.* Lava wa kereng'ende, kaa wa mtoni, uduvi, mbawakawa wa maji na kunguni maji.

*Alama 1, wavumilivu.* Ruba, minyoo, konokono, viluwiluwi vya mbu, funza wa nzi wenye mkia mrefu wa kuvutia hewa juu ya maji, na lava wa usubi. Lava wa usubi wakiwa wekundu, tazameni vizuri. Wekundu huo ni himoglobini, ile ile ya damu yetu, inayowasaidia kuishi kwenye tope lisilo na hewa ya kutosha.

Jumlisheni alama za aina zote zilizopatikana, mgawanye kwa idadi ya aina. Mfano wa kufundishia: kituo cha juu kimetoa mikia mitatu, mikia miwili, wajenzi, kereng'ende, kaa na usubi. Hiyo ni 3+3+3+2+2+1 = 14, ukigawanya kwa 6 unapata 2.3. Kituo cha chini kimetoa kereng'ende, mbawakawa, konokono, usubi, minyoo na ruba: 2+2+1+1+1+1 = 8, kwa 6 ni 1.3. Idadi ya aina ni ile ile, lakini wakazi ni wengine kabisa. Mpe mwanafunzi nafasi agundue hilo mwenyewe kabla hujamwambia.

Tofauti ndogo, kama 2.1 na 2.0, msiijengee hoja. Semeni vituo vinafanana.

Mambo yakienda kombo

*Hatukupata kitu kabisa.* Kagua kwanza neti kama imetoboka au ina dawa, kama mlisimama kwenye maji yaliyotulia, kama mvua ilinyesha karibuni. Hayo yakiwa sawa, ulizeni juu kama kuna bustani iliyopigiwa dawa. Dawa za wadudu wa mchicha na nyanya haziwabagui wadudu wa mtoni.

*Tumekuta samaki, kaa na wadudu wamekufa kwa pamoja.* Toa watoto majini papo hapo. Huenda mtu ametia utupa au sumu nyingine ya kuvulia. Hakuna kugusa, hakuna kuokota, hakuna kunywa. Piga picha, mpigie mtendaji, rudini shuleni.

*Mikia mitatu wamejaa lakini maji yananuka.* Kwanza angalia mikia yenyewe. Ikiwa ni mipana na bapa, huyo si mikia mitatu, ni lava wa jamaa mwembamba wa kereng'ende, na alama yake ni 2. Ikiwa ni nyuzi kweli, lakini wote ni wa aina moja, wembamba, wanaoogelea kwa kuchupa, nao wapeni 2. Hao ni wagumu kuliko ndugu zao.

*Huyu ana mikia miwili lakini hatuna uhakika.* Tazama pembeni mwa tumbo. Kama kuna vijani vinavyopepea, ni ndugu wa mikia mitatu mwenye nyuzi mbili. Tumbo likiwa halina vijani, na kila mguu una kucha mbili, ndiye mikia miwili wa kweli. Msipompata popote msihuzunike, si kila kijito kinaye.

*Kuna utando wa kijivu unaoteleza juu ya mawe.* Mara nyingi ni dalili ya mabaki ya chakula au mafuta yanayooza majini. Kwetu tafuta kwanza kinu cha mawese upande wa juu. Maji machafu ya kukamulia yanapooza hula hewa yote, na wadudu wa alama 3 hutoweka mbali sana kuteremka chini. Ongea na wenye kinu kwa adabu, ukiwa na mtendaji, bila wanafunzi.

*Kituo cha chini kimepata alama kubwa kuliko cha juu.* Hutokea, na wala msibadilishe namba ili zifuate mlichotarajia. Labda kuna kijito kingine safi kinachoingilia katikati, labda uchafu unatokea juu zaidi ya kituo chenu cha juu. Pandeni nacho safari ijayo.

*Mwanafunzi amebandikwa na ruba.* Mtulize, usimvute kwa nguvu wala kumchoma kwa moto. Pitisha ukucha taratibu chini ya mdomo wa ruba mpaka aachie, osha kwa sabuni, bana kwa kitambaa safi. Damu hukawia kukauka, hiyo ni kawaida.

*Makundi mawili yamepata majibu tofauti kituo kimoja.* Unganisheni orodha za makundi yote ya kituo hicho kuwa orodha moja, ndipo mpige hesabu. Kundi moja haliwezi kukuta kila kitu.

*Matokeo tuyafanyie nini?* Nakala moja ibaki kwenye faili la shule ikiwa na tarehe, majina ya vituo na picha za mahali mliposimama, ili darasa la mwakani lisimame pale pale. Nakala ya pili mpelekee mtendaji, ukurasa mmoja tu, wenye mchoro wa watoto na ile orodha ya vilivyomo ndani ya mita 60.